Ukienda Paris kumuona Chopin, usianzie kaburini

Watu wengi wanaompenda Chopin, yule mtunzi na mpiga piano wa Kipoland, wakifika Paris wanafanya kitu kile kile, wanashuka metro pale kwenye makaburi ya Père Lachaise, wanafuata ramani ya simu mpaka kaburini, wanapiga picha mbili tatu na dakika kumi hazijaisha wameshaondoka. Mara ya kwanza na mimi nilifanya hivyo hivyo na kwa kweli sikupata kitu, nilimuona mwanamke wa marumaru ameinamisha kichwa, nikaona maua mengi, basi. Mara ya pili nikaugeuza mpangilio wote. Nikaanza pale alipoishi, nikaenda alipofia, nikaingia kanisani walikomwombea, halafu ndio makaburini, nikamalizia kwenye sanamu yake ya Parc Monceau. Yaani ilikuwa kama safari nyingine kabisa, maana sasa kila jiwe nilikuwa najua linaongelea nini. Hii njia inatosha siku moja, haihitaji mtu wa kukuongoza wala hela nyingi, na ndiyo nataka nikuelekeze.

Kwanza kuna jambo moja uliweke kichwani kabla hujatoka hotelini. Chopin alizaliwa mwaka 1810 Żelazowa Wola, kijiji cha karibu na Warsaw, mama Mpoland na baba Mfaransa aliyehamia kule. Warsaw enzi hizo iko chini ya mfalme wa Urusi. Akaondoka tarehe 2 Novemba 1830 akiwa na miaka 20, na mwezi haujaisha mji ukaasi, mwaka uliofuata Warusi wakauponda ule uasi, na yeye hakurudi tena maisha yake yote. Paris akafika vuli ya 1831. Sasa sikia hii: pasi yake ilikuwa imeandikwa kwamba anapita Paris kuelekea London, na miaka mingi baadaye alikuwa bado anawaambia watu kwamba yeye hapa anapita tu. Akapita miaka 18 hadi kufa, na katikati hapo, mwaka 1835, akachukua uraia wa Ufaransa. Hilo la "napita tu" tembea nalo siku nzima, utaona linavyorudi kila kituo.

Maandalizi ni madogo. Viatu vya kutembelea, tena vyenye soli inayoshika, maana njia za makaburini ni za mawe na mlima upo na mvua ikinyesha panateleza vibaya. Nunua kadi ya Navigo Easy stesheni yoyote, ni euro 2, halafu unaweka tiketi za metro humo humo, vile vitiketi vya karatasi vya kununua kumi kumi hawauzi tena. Kila mtu awe na yake, msijaribu kupeana kadi moja getini mkiwa wawili. Muziki pakua kabla kwenye simu, usitegemee bando ukiwa chini ya ardhi, na beba hedifoni, hili nitalirudia kwa sababu ni muhimu kuliko kamera. Siku chagua ya kazi, Jumanne mpaka Ijumaa, nitakwambia kwa nini.

Kituo cha kwanza ni Square d'Orléans, namba 80 rue Taitbout, wilaya ya 9. Metro ni Trinité, laini ya 12. Ukitokea barabarani huwezi kudhani kuna kitu, ni lango tu la jengo kama majengo mengine, ukipita ndani unakutana na ua mkubwa, chemchemi katikati, nguzo, miti, na kelele za mji zimebaki nje huko. Hapa ni mahali pa watu wanaoishi na kufanya kazi, ndio maana nikasema siku za kazi, lango huwa wazi, ila ukilikuta limefungwa usigonge gonge wala usijipenyeze nyuma ya mtu, piga tu hatua nenda kituo kinachofuata. Ukiingia ongea taratibu. Tafuta namba 9, hapo ndipo alipokaa kuanzia 1842 mpaka karibu na mwisho wake. George Sand, yule mwandishi aliyekuwa naye kwa miaka, alikuwa namba 5, mbele tu ya ua, kwa hiyo walikuwa pamoja lakini kila mtu na mlango wake. Na mwimbaji Pauline Viardot naye alikuwa anakaa humo humo. Hilo jina lishike.

Kaa kidogo hapo uani, usiwe na haraka. Mimi kinachonigusa ni kwamba huyu mtu alikuwa anaishi kwa kufundisha. Matamasha ya watu wengi hakuyapenda, maisha yake yote alipiga mbele ya umma mara thelathini hivi tu, hela ilitoka kwa wanafunzi, faranga 20 za dhahabu kwa somo, na ilikuwa haikabidhiwi mkononi, mwanafunzi anaiweka juu ya rafu ya sehemu ya kuotea moto pale sebuleni na mwalimu anaangalia dirishani kana kwamba hajaona. Sasa simama uangalie yale madirisha. Ukishayaangalia ukiwa na hiyo picha, sanamu zote utakazoziona baadaye zitakuwa na mtu ndani yake, mtu mwenye kodi ya nyumba na kifua kibovu na wanafunzi watano kwa siku. Wakati umekaa sikiliza kipande chake kiitwacho Barcarolle, opus 60 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi), cha miaka hiyo hiyo ya Square d'Orléans, ni dakika nane hivi.

Hapo karibu, rue Chaptal namba 16, kuna Musée de la Vie Romantique ambako wametunza sanamu ya plasta ya mkono wake wa kushoto. Jumatatu hawafungui, kwa hiyo angalia kwanza mtandaoni kama wako wazi. Ukiuona ule mkono utashangaa udogo wake, vidole vyembamba, unajiuliza zile sauti nzito za polonaise, ngoma ya Kipoland, zilikuwa zinatokea wapi.

Kutoka hapo nenda kwa miguu mpaka Place Vendôme, shuka Taitbout, pita Opéra, nyoosha rue de la Paix, ni kama dakika 20 na kidogo. Namba 12. Leo ni duka la vito, na ukutani kuna kibao kinachosema kwamba Chopin alifia hapa tarehe 17 Oktoba 1849. Alihamia Septemba tu, rafiki zake walimtafutia nyumba yenye nafasi na joto, na alikuwa na miaka 39. Dada yake Ludwika alikuwa ametoka Warsaw kuja kumuuguza. Hapa hapahitaji muda mrefu, soma kibao, angalia juu, ondoka. Ila kuna mtu mmoja aliyeingia kwenye kile chumba asubuhi ile ambaye unamhitaji baadaye: mchongaji Auguste Clésinger, aliyekuja kuchukua sura ya marehemu kwa plasta, na mikono.

Dakika kumi mbele ni kanisa la Madeleine, lile kubwa lenye nguzo pande zote, kama hekalu la Wagiriki. Kuingia ni bure. Mazishi yalifanyika hapa tarehe 30 Oktoba, yaani siku 13 baada ya kufa, kwa sababu kulikuwa na mambo ya kupanga na mojawapo lilikuwa zito: Chopin alitaka Requiem ya Mozart, yaani muziki wa misa ya wafu, na Requiem ya Mozart inahitaji sauti za wanawake, na Madeleine wanawake walikuwa hawaruhusiwi kuimba. Mwisho wakakubaliana wanawake waimbe nyuma ya pazia jeusi. Na mmoja wao ni nani? Pauline Viardot, yule yule jirani wa kwenye ua. Mimi nilipojua hili nikiwa nimesimama ndani ya lile kanisa nilikaa chini, maana saa mbili zilizopita nilikuwa nimesimama nje ya milango yao wote wawili.

Kaa viti vya nyuma halafu geuka uangalie juu ya mlango, kuna kinanda kikubwa cha kanisa kilichojengwa na fundi Cavaillé-Coll mwaka 1846. Kimefanyiwa marekebisho tangu hapo, lakini ndicho kilichopiga siku ile vipande viwili vya Chopin mwenyewe kutoka kwenye zile Prelude za opus 28, namba 4 na namba 6. Weka hedifoni sikiliza namba 4. Haifiki dakika tatu. Mkono wa kulia karibu haufanyi kitu, noti mbili zinarudi rudi, ila huku chini mkono wa kushoto unateremka kidogo kidogo, nusu hatua kwa nusu hatua, kama mtu anayeshuka ngazi gizani anapapasa. Kama kuna ibada inaendelea usizurure zurure kanisani, kaa utulie au subiri nje.

Siku ile jeneza lilitoka hapa likaenda kwa miguu mpaka Père Lachaise, upande wa pili wa mji kabisa. Prince Adam Czartoryski, aliyekuwa kiongozi wa Wapoland waliokimbilia Paris, ndiye aliyetangulia mbele, na mchoraji Delacroix alikuwa mmoja wa wanaoshika kamba za kitambaa cha jeneza. Ukiwa na nguvu unaweza kutembea, ni zaidi ya saa moja. Mimi nakushauri metro, nguvu zitunze kwa ajili ya kilima: laini ya 8 pale Madeleine, kituo kimoja tu mpaka Opéra, badilisha laini ya 3 upande wa Gallieni, shuka Père Lachaise.

Sasa sikiliza kwa makini hapa kwa sababu watu wengi wanapotea. Lango kuu halipo pale pale stesheni, liko kwenye boulevard de Ménilmontant, unatembea kidogo kuelekea upande wa kituo cha Philippe Auguste. Kuingia bure. Siku za kazi wanafungua saa 2 asubuhi, Jumamosi saa 2 na nusu, Jumapili saa 3, na kufunga ni saa 12 jioni kipindi cha joto, saa 11 na nusu kipindi cha baridi, na walinzi hawabembelezi, robo saa kabla wanaacha kuruhusu watu kuingia. Kwa hiyo ufike mapema alasiri. Eneo ni hekta 44 hivi na limegawanywa sehemu 97, na ukikosa namba ya sehemu unaweza kuzunguka hadi giza. Namba yako ni 11, kijia kinaitwa chemin Denon. Ipige picha ile ramani ya langoni kabla hujaanza kupanda, maana mtandao humo ndani unakatika na alama ya ramani ya simu mara nyingi inakuweka kaburi la kumi kutoka unalolitaka. Ukiona watu wamesimama kimya kwenye kijia chembamba na mbele yao kuna rangi nyekundu na nyeupe, umefika. Hizo rangi ni bendera ya Poland, kuna ribbon karibu kila siku, na maua mabichi, sijawahi kukuta pakavu.

Kaburi liangalie kwa utaratibu. Anza juu. Yule mwanamke wa marumaru ni Euterpe, mungu wa muziki katika hadithi za Wagiriki, anakililia kinubi kilichovunjika. Halafu shuka, utaona uso wa Chopin wa pembeni umechongwa ndani ya duara. Uangalie vizuri huo uso kwa sababu aliyeuchonga ni Clésinger, yule aliyeingia chumbani Place Vendôme, kwa hiyo uso huu hakuubuni, aliushika. Na kuna jambo chungu hapa. Clésinger alikuwa mume wa Solange, binti wa George Sand, na ile ndoa ya mwaka 1847 ndiyo iliyoleta ugomvi wa familia uliomtenganisha Chopin na Sand moja kwa moja. Sand hakuja mazishini. Kwa hiyo jiwe linalomlilia Chopin limechongwa na mtu aliyekuwa katikati ya kidonda chake kikubwa. Hakuna kibao kinachokwambia hivyo, ndio maana nakwambia mimi.

Kisha soma maandishi. Mbele inasema ni kutoka kwa marafiki zake. Sio serikali, sio mfalme, marafiki walichanga. Pembeni imeandikwa alizaliwa Poland, mtoto wa mhamiaji wa Kifaransa. Fikiria baba alitoka Ufaransa akaenda kuwa Mpoland, mtoto akatoka Poland akaja kuzikwa Ufaransa, na marafiki wakaona hilo lazima liandikwe kwenye jiwe.

Mnara ulizinduliwa tarehe 17 Oktoba 1850, mwaka mmoja kamili baada ya kifo, na siku hiyo udongo ulioletwa kutoka Poland ulimwagwa kaburini. Ila moyo wake haupo hapa. Aliomba utolewe, na Ludwika akaubeba kwenye chupa yenye pombe kali akauvusha kimya kimya mpaka Warsaw, sasa uko ndani ya nguzo ya kanisa la Msalaba Mtakatifu, barabara ya Krakowskie Przedmieście. Wakati wa vita ya pili ya dunia uliondolewa pale, ukarudishwa tarehe 17 Oktoba 1945. Unaona? Udongo wa Poland umekuja Paris, moyo wa Paris umekwenda Poland. Anapita tu.

Adabu za pale ni za makaburini popote: usiruke uzio wa chuma, usikae juu ya kaburi la jirani upate picha nzuri, usiweke muziki kwa spika. Nilishamuona mtu anapiga Nocturne, kipande chake kimojawapo, kwa sauti ya juu kutoka kwenye simu na mama mmoja mzee aliyekuwa anapanga maua akasimama, akaacha kila kitu, akasubiri mpaka iishe. Hakusema neno. Hedifoni tafadhali. Ukileta ua leta moja bichi, toa plastiki ubaki nayo mfukoni. Kupiga picha ni sawa, ila piga kisha sogea, kijia ni chembamba na nyuma yako kuna mtu aliyesafiri mbali kuliko wewe. Na ukifika tarehe 17 Oktoba utakuta watu wengi zaidi na maua mengi zaidi, kama unataka upweke chagua siku nyingine.

Muziki wa hapa usiweke ile Marche funèbre, yaani machi ya mazishi, kila mtu anaiweka. Weka mazurka, ile ya opus 17 namba 4. Mazurka ni ngoma ya vijijini kwao, na hii imeandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka, inaanza kama haijui ianzie wapi na inaishia hewani bila kufunga mlango. Hapo hapo jirani kuna kaburi la mtunzi Cherubini, na la Michel Petrucciani yule mpiga piano wa jazz, na Delacroix naye yuko makaburi haya haya sehemu ya 49 kama bado una miguu.

Ukitoka nenda metro Philippe Auguste, laini ya 2 upande wa Porte Dauphine, hubadilishi popote, unashuka Monceau. Hii bahati ya kaburi na sanamu kuwa kwenye laini moja wengi hawaijui.

Sanamu ya Parc Monceau ilichongwa na Jacques Froment-Meurice mwaka 1906, na ni kitu tofauti kabisa na kaburi. Kaburini kila kitu kimetulia, hapa Chopin yuko kazini, ameketi kwenye piano, juu yake kuna umbo la kike, na chini miguuni pake mwanamke ameketi analia. Wapo wanaosema imezidi, kwamba ni huzuni ya kuigiza. Mimi siko upande huo. Ukiwa umetoka asubuhi kwenye ule ua wa Taitbout, unaona kwamba huu ndio mnara pekee wa siku nzima unaomuonyesha akifanya kile kilichokuwa kinampa chakula. Wachongaji wa zamani walipenda kumuweka mtu juu peke yake kama jenerali, huyu amemuacha na piano yake na wasikilizaji. Zunguka upande wa kibodi, usiishie mbele, jiwe la mikononi ndilo la kuangalia. Humo bustanini wapo pia Gounod na Ambroise Thomas, watunzi, na mwandishi Maupassant, kwa hiyo usichanganye, mwenye piano ndiye wako.

Na uishukuru marumaru. Kwenye bustani ya Luxembourg kulikuwa na sanamu nyingine ya kichwa chake, ya shaba, ya mwaka 1900, na wakati wa utawala wa Wajerumani iliondolewa ikayeyushwa kama shaba nyingine nyingi za Paris. Leo pale kuna kichwa kingine. Warsaw nako, ile sanamu kubwa ya bustani ya Łazienki iliyosimamishwa 1926, Wajerumani waliilipua mwaka 1940, wakaijenga upya na kuirudisha 1958. Ya Monceau ilipona, jiwe haliyeyuki likawa risasi.

Kama una siku ya pili nenda kisiwa cha Saint-Louis, 6 quai d'Orléans, kwenye Maktaba ya Wapoland ambayo ina chumba cha Chopin, lakini ulizia saa zao kwanza kwa sababu hawafungui kila siku. Ukiwa na siku moja tu hiki kiache bila majuto.

Pale Monceau tafuta benchi unapoiona piano, weka Berceuse, opus 57. Mkono wa kushoto unarudia kitu kimoja karibu mwanzo mpaka mwisho kama mtu anayebembeleza mtoto, na wa kulia unafanya unavyotaka. Watoto wa mtaa watakuwa wanapita na skuta zao karibu kabisa na jiwe, watu wazima wanakimbia mazoezi, hakuna anayenyamaza kwa ajili yake, na kwangu hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za siku. Ikiisha, tokea geti la boulevard de Courcelles, lile lenye jengo la mviringo, metro iko hapo hapo.